Mahali pa Kumzika Bibi

Bibi yangu hakuwahi kutamka neno "Tanzania" mpaka alipokwisha kuwa raia wake. Kule tulikozaliwa, kando ya mto Juba nchini Somalia, yeye alisema "kaya". Ni neno la Kizigua, maana yake nyumbani, na sisi wajukuu tulijua kwamba akilitamka hazungumzii kibanda chetu cha udongo. Alizungumzia mahali ambapo yeye hakuwahi kupaona, wala mama yake hakupaona. Aliyepaona mara ya mwisho alikuwa mama wa bibi yake, aliyeondoka msichana mdogo wakati wa njaa kubwa, akiambiwa kwamba ng'ambo kuna kazi na chakula. Alipofika huko ng'ambo akauzwa.

Kwenye mto Juba tulilima mahindi na ufuta. Wenye nchi walikuwa na jina la kutuitia, na maana yake ni mtumwa. Hawakuoa kwetu, na tukienda sokoni tulisubiri wao wahudumiwe kwanza. Nilipokuwa mdogo nililia siku moja kwa sababu ya jina hilo. Bibi hakunibembeleza. Alinishika kidevu akasema kwa Kizigua, "Hawa wana nchi. Sisi tuna watu wetu. Wako mahali, wanatungoja."

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi sana, na si kila mara kwa wema.

Vita vilipokuja, baba aliuawa shambani na mama akafariki kwa homa tukiwa njiani kwenda pwani. Nilibaki na Bibi. Watu wa kijiji chetu wengi walikwenda Kenya, kwa sababu Kenya ilikuwa karibu. Bibi alikataa. Alisema kama ni kukimbia, basi afadhali kukimbilia kwao. Tulisafiri kwa bahari, kisha kwa malori, na mwisho serikali ikatuweka katika kambi ya wakimbizi huku Handeni. Mimi nilikuwa na umri wa kuanza kujitwisha ndoo.

Hapo kwenye bomba la maji ndipo jambo lilipotokea ambalo Bibi alilisimulia mpaka anakufa. Walikuwepo wanawake wa kijiji cha jirani, wamekuja kuteka. Bibi, kwa kuchoka, akaniambia kwa sauti nimpe "mazi" anywe. Mwanamke mmoja akageuka, akaweka ndoo yake chini.

"Umesema nini, mama?"

Bibi akarudia. Yule mwanamke akacheka, akaziba mdomo, akacheka tena, kisha akawaambia wenzake kwa Kizigua, "Njooni mumsikilize huyu. Anaongea kama marehemu nyanya yangu!"

Wakamzunguka. Wakawa wanamtajia vitu, mwiko, kinu, mvua, jembe, na yeye anavitaja kwa Kizigua chake, na mengine aliyoyasema yalikuwa maneno ambayo wao waliyasikia utotoni tu kwa wazee wao. Sisi tuliyatunza kwa sababu hatukuwa na kitu kingine cha kutunza. Siku ile nilimwona Bibi yangu akiwa mtu mkubwa kwa mara ya kwanza.

Habari zilifika kijijini. Siku chache baadaye akaja mzee mmoja kwa baiskeli, kofia kichwani, akauliza yuko wapi yule mama anayesema Kizigua cha zamani. Walisalimiana kwa muda mrefu, jinsi watu wa huku wanavyosalimiana, nyumba, watoto, mashamba, afya. Kisha akamuuliza ukoo. Bibi akautaja. Mzee akasogea karibu.

"Kuna nyama hamli?" akauliza.

"Hatuli kanga wa porini," Bibi akasema. "Mama zetu walikatazwa."

Mzee yule alivua kofia, akaishika mapajani kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka mbele ya watoto na hakuyafuta. Ukoo wake ulikuwa huohuo na mwiko wake huohuo. "Tuliambiwa kuna waliopelekwa na maji," akasema. "Hatukujua kama bado mpo."

Tangu hapo tukawa watu wa nyumba yake. Alitupa kipande cha shamba tulime, upande wa bondeni, na baadaye, ruhusa ilipopatikana, tukajenga kibanda hapo. Kando ya kilima kulikuwa na makaburi ya ukoo, ndani ya kichaka kilichoachwa bila kulimwa. Siku ya kwanza alipotupeleka pale na wazee wenzake, tukasoma dua, kisha akasimama akasema mbele ya wote, "Mama huyu ni wa kwetu. Siku Mungu atakapomchukua, atalala hapa, kwa mama zake." Bibi aliinama akaugusa udongo, akajipaka kwenye paji la uso. Wazee waliitikia. Nilikuwepo, na ninaweza kuwataja mmoja mmoja, lakini sitawataja.

Mzee yule alikuwa na mtoto wa kiume aliyenizidi miaka kidogo. Aliniita "lumbu". Kwa Kizigua, hivyo ndivyo mwanamume anavyomwita dada yake na dada anavyomwita kaka yake, neno moja kwa wote wawili. Huku sikuwa na kaka, wote walibaki Juba, walio hai na waliokufa. Kwa hiyo neno lile nililimeza kama mtu aliyeshinda na njaa.

Kizigua nilikijua, Kiswahili sikukijua. Ni yeye aliyenifundisha. Tulikuwa tukitoka shule anaokota vitu njiani ananiambia majina yake, na nikikosea ngeli ananirudisha nyuma hatua kadhaa nianze upya. Siku moja darasani mtoto mmoja aliniita Msomali na wengine wakacheka. Lumbu yangu alimsubiri nje ya geti akampiga mpaka shati likachanika, na mwalimu alipomuuliza sababu alijibu, "Amemtukana dada yangu." Alichapwa fimbo kwa ajili yangu. Nasema haya ili ijulikane kwamba hakuwa mtu mbaya, na mimi sikuwa mjinga kumwamini.

Miaka ilipita, na serikali ikatangaza kwamba sisi tunaotaka tunaweza kuwa raia. Tulikusanyika uwanjani, tukaitwa mmoja mmoja. Ofisa aliyetukabidhi vyeti alikuwa kijana mtanashati aliyekuja kutoka makao makuu. Alimshika Bibi mkono akasema, "Karibu sana nyumbani, bibi. Sasa wewe ni Mtanzania."

Bibi aliitikia kwa adabu. Tulipoketi akaniinamia. "Kijana huyu kwao wapi?"

"Nimesikia anatoka Bukoba, Bibi."

"Bukoba ni Uzigua?"

"Hapana. Ni mbali sana. Karibu na Uganda."

Akafikiri. "Hata Kizigua hajui, na ndiye ananikaribisha kwetu?" Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukachekea ndani ya khanga zetu kama wasichana, na cheti kilikuwa kimekunjwa mapajani mwake kana kwamba ni karatasi ya vitumbua. Kwake kilikuwa kitu cha serikali. Nyumbani alikuwa ameshakaribishwa zamani, na mzee wa baiskeli.

Mimi niliolewa Korogwe. Mume wangu ni Msambaa wa Kerenge, mkulima wa mpunga na mahindi, na kwa kuwa nilijua kushona nikapata nafasi ya kuweka cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa mjini. Mwenye duka ni mama wa Kihindi, Mwislamu, mjane, ambaye amezaliwa Korogwe na anazungumza Kisambaa vizuri kuliko mume wangu. Nilimwomba Bibi aje kukaa nasi. Alikataa kila mara. "Nimetoka mbali mno kufika hapa," alisema. "Sasa unataka nihamie tena?" Basi nikawa nakwenda mimi, na mwezi haukuisha sijamwona.

Yule mzee alifariki. Tulimzika pale kichakani, na Bibi ndiye aliyekaa na mjane wake mpaka eda ikaisha. Lumbu yangu akawa msimamizi wa mambo ya ukoo. Alikuwa ameoa, ana watoto, ana pikipiki. Nikienda alinipokea mizigo, akinitania kwa Kizigua kwamba nimenenepa kwa wali wa Wasambaa. Sikuona kitu. Nimejaribu kuirudia miezi ile kichwani nione wapi palikuwa na dalili, na sikumbuki zaidi ya mara moja, alipomuuliza Bibi kama hataki kuja kuishi na mimi mjini, umri umekwenda. Nilidhani anamhurumia.

Bibi alifariki alfajiri, katika kusujudu, kama alivyoomba siku zote. Jirani alinipigia simu. Mwenye duka aliposikia alitoa pikapu ya dukani na dereva wake, akapima sanda kwa mkono wake mwenyewe, akanifunga vizuri kilemba kichwani. Mimi na mume wangu tukaondoka kwa barabara ya Handeni jua likiwa bado halijapanda.

Tulipofika, wanawake walikuwa wameshamwosha. Nikavishwa khanga, nikaingia ndani, nikamwona. Alikuwa mdogo, mwepesi, kama mtu aliyekwisha kula chote alichoandaliwa. Nikatoka kuuliza wanaume wamefikia wapi na kaburi. Niliwaona wameketi kwenye mikeka, wengi, jembe na sururu zimeegemezwa ukutani. Hazikuwa na udongo.

Lumbu yangu akanijia. Alikuwa amevaa kanzu. Akanipa pole, kisha akasema, "Kuna jambo, inabidi tulizungumze mbele ya wazee."

Nikamfuata mikekani. Nilipokwisha kukaa ndipo nikatambua. Alikuwa amesema nami kwa Kiswahili. Maisha yetu yote, tangu nilipokijua Kiswahili, tulikitumia kwa watu wengine. Sisi kwa sisi tulisema Kizigua.

Akaanza kusema, amesimama. Alimshukuru marehemu. Alisema alikuwa mama wa watu wote. Kisha akasema, "Lakini ndugu zangu, kila kitu kina utaratibu. Hawa ni wageni wetu. Tuliwapokea kwa moyo mmoja, tukawapa pa kulima, na wao wameishi nasi kwa heshima. Mgeni ana heshima yake. Ila makaburi ya ukoo ni ya ukoo. Wenzao wana makaburi yao kule kambini. Tumsindikize huko, kwa watu wake."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani anasema habari ya mtu mwingine. Nikamwambia kwa Kizigua, "Lumbu, baba yako alisema nini pale kilimani?"

Akajibu kwa Kiswahili. "Mzee alisema kwa huruma. Mzee alikuwa na huruma sana."

"Alisema ni ukoo mmoja. Mwiko mmoja."

"Mwiko mtu anaweza kuusikia popote, akaufuata."

Wanaume waliangalia chini. Nikawageukia wazee waliokuwepo siku ile ya dua. Mmoja Bibi alimuuguza alipovunjika nyonga. Mwingine alikuwa akija kila Ijumaa kula kwake, kwa sababu alisema hakuna apikaye mlenda kama wa mama yake ila yule mama wa Juba. Nikawaambia, "Shikamooni, wazee wangu. Mlikuwepo. Semeni mlichosikia."

Wakanyamaza. Dada wa marehemu mzee, mwanamke mtu mzima sana, alikuwa amekaa mlangoni na wanawake. Alifungua kinywa. Nilimwona. Lumbu yangu akamtazama shangazi yake huyo, si kwa ukali, alimtazama tu, na yule bibi akashusha macho akaanza kuhesabu tasbihi.

Shehe wa msikiti alijitahidi. Alisema ardhi yote ni ya Mungu, na maiti asicheleweshwe, tuafikiane haraka. Ndipo mtu mmoja nyuma, sikumwona ni nani, akasema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, "Wasomali wana mambo."

Nimeitwa mtumwa na watu waliokuwa na bunduki. Halikuniuma kama lile.

Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Alinyanyuka kwenye mkeka, akaenda pembeni na simu, akazungumza Kisambaa. Aliporudi aliniambia, "Nimeongea na baba. Amesema tumlete. Wameanza kuchimba."

"Kerenge?" nikauliza.

"Kerenge. Una pengine?"

Kambini palikuwepo, ni kweli, na wazee wengine tuliokuja nao wamelala huko, na sina dharau napo. Lakini kumpeleka huko siku ile ingekuwa kukubali kwamba yule aliyesimama amesema kweli, kwamba watu wake ni hao tu. Nikasema twende.

Walitusaidia kumpandisha kwenye pikapu. Walisaidia vizuri sana, kwa heshima, mikono mingi, kila mtu akitaka kushika jeneza. Lumbu yangu alishika upande wa kichwa. Wanawake walilia kweli, na mimi nilikaa nyuma karibu na jeneza nikiwatazama wakilia na kujiuliza wanamlilia nani. Gari lilipopita karibu na kile kichaka cha makaburi, sikugeuza shingo. Nilijua kipo kushoto.

Kutoka Handeni hadi Korogwe nilikuwa nafikiria jambo ambalo Bibi hakuwahi kulisema. Alisimulia njaa, alisimulia mashua, alisimulia kuuzwa. Hakusema ni nani aliyemshika mkono mama wa bibi yake kumtoa kijijini mpaka pwani. Msichana wa bara hajui njia ya pwani. Lazima alipelekwa na mtu aliyesema lugha yake, mtu aliyemwita dada. Sina ushahidi wowote. Lakini siku ile nilikuwa na hakika nalo kama ninavyojua jina langu.

Kerenge tulifika kabla ya alasiri. Baba mkwe alikuwa amesimama njiani, amekunja suruali, udongo mwekundu mpaka magotini. Kaburi lilikuwa pembeni mwa shamba lao, mahali walipozikwa wazazi wake. Majirani walikuwa wamejaa, na wengi hawakuwahi kumwona Bibi hata siku moja. Wakati jeneza linateremshwa uani kwa ajili ya sala, bibi mmoja wa Kisambaa, jirani, alijitokeza mbele akaweka mikono kiunoni.

Lazima nieleze kwamba huku kwetu Wasambaa na Wazigua wana utani, na mtani ana haki ya kusema msibani maneno ambayo mwingine angeyasema angepigwa. Yule bibi alilitazama jeneza akasema kwa sauti ya kugomba, "Wewe Mzigua! Huko kwenu vichaka vyote umeviacha, umekuja kutumalizia shamba letu! Hata kufa hamjui, mnafia ugenini!"

Watu wakacheka. Baba mkwe akacheka. Mimi nilikuwa sijadondosha chozi tangu asubuhi, na hapo nikaanguka chini nikalia mpaka wakanishika. Yule bibi alidhani amenikosea. Akaja kunikumbatia, ananong'ona, "Ni utani, mwanangu, ni utani tu." Sikuweza kumwambia kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza siku ile kumwita Bibi yangu Mzigua.

Sababu niliijua baadaye, na ilikuwa ndogo, kama sababu nyingi zilivyo. Alikuwepo mtu mwenye uwezo aliyetaka kununua ardhi yote ile, kuanzia bondeni hadi kilimani, alime michungwa na katani. Huku kwetu kaburi ni shahidi. Ukimzika mama yako mahali, hakuna atakayesema hukuwahi kuwa na haki hapo. Lumbu yangu alikuwa amekubaliana na yule mnunuzi kwamba wenye sauti juu ya ardhi ile ni watoto wa baba yake peke yao. Kaburi jipya la Bibi lingekuwa na ndugu nyuma yake, na ndugu ni mimi.

Laiti angeniambia. Hicho ndicho kilichonitesa. Angekuja Korogwe, akae pale barazani, nimwitie chai, aniambie, "Lumbu, nataka kuuza, usinipinge." Sikuwa na haja na shamba lile. Ningemwambia uza, niachie mahali pa mwili mmoja tu. Lakini kuniambia hivyo kungekuwa kukubali kwamba nina la kusema, kwamba mimi ni mtu wa ukoo anayepaswa kuulizwa. Ilikuwa rahisi zaidi kutufanya tusiwe ndugu.

Nilikwenda kwenye baraza la kijiji mara moja, si kwa ajili ya shamba, kwa ajili ya yale maneno. Nilitaka yakanushwe mbele ya watu. Wazee wawili waliitwa kueleza kama walimsikia marehemu mzee akisema Bibi ni wa ukoo. Mmoja alisema amezeeka, mambo mengi hayakumbuki. Wa pili, yule wa mlenda, alisema yeye siku ile alikuwa safarini. Aliniangalia usoni aliposema hivyo. Sikubishana. Nilimwamkia, nikapanda gari nikarudi kwenye cherehani yangu.

Mwenye duka aliniona nimekaa, mguu kwenye pedali lakini hausogei. Akavuta kiti.

"Walisemaje?"

Nikamweleza.

"Mimi baba yangu amezaliwa hapa," akasema. "Mimi nimezaliwa hapa. Mume wangu nimemzika hapa. Bado mteja akigombana nami juu ya kitambaa, neno la kwanza ni rudi kwenu. Nikisema kwetu hapahapa, anacheka." Alinyoosha kitambaa kilichokuwa mbele yangu, kana kwamba kina mkunjo. "Uraia serikali inakupa, na kukunyang'anya si kazi rahisi. Hicho kingine, kuwa wa hapa, wanakupa majirani. Wanakunyang'anya siku yoyote, unapofagia uwanja."

"Sasa mtu afanye nini?"

"Ashone," akasema. "Yule mwalimu anakuja kuchukua suruali yake saa kumi."

Hakuwa ananifariji, na nilimshukuru kwa hilo.

Nimekuwa nikifikiri tangu wakati huo. Bibi aliamini kwamba nchi ni ya wenye nguvu, lakini watu ni wako, hawawezi kuchukuliwa na mtu. Alikaa kizazi kizima kati ya watu waliomdharau bila kuvunjika, kwa sababu hiyo. Na kilichotokea ni kinyume. Nchi, ambayo hatukuitarajia, ilitupokea kwa mkono wa kijana wa Bukoba, ikaandika majina yetu sawasawa, na mpaka leo nikienda kupiga kura hakuna anayenigeuza. Waliotukataa ni wale tuliowabeba kichwani tangu mto Juba, kwa nyimbo, kwa mwiko wa kanga, kwa maneno ambayo wenyewe walikuwa wameshayasahau. Pengine watu ni taifa pale tu wanapokubali kuulizana kabla ya kutenda. Au pale wanapogharamika kwa ajili ya ukweli wanaoujua. Sijui. Najua kwamba pale kwenye mkeka walikuwepo wanaume wengi wanaosema lugha moja na mimi, na lugha yenyewe haikuwasaidia kusema neno moja.

Kizigua changu bado ninacho. Watoto wangu wakikisikia wanaelewa, lakini hujibu kwa Kiswahili, na kwa bibi yao wa Kerenge kwa Kisambaa. Zamani nilikuwa nawagombeza. Siku hizi nawaacha.

Mwaka huu nilikutana naye Segera. Nilikuwa na binti yangu mkubwa, namsindikiza anapanda basi la Dar es Salaam kwenda chuoni, tumesimama pale njia panda penye wauza machungwa na mahindi ya kuchoma. Nikasikia nyuma yangu, "Lumbu!"

Nilijua sauti kabla ya kugeuka. Amekonda. Alinisalimia kwa Kizigua, salamu yote, ndefu, ya mzee wa baiskeli, nyumba, watoto, mashamba, afya. Watu walikuwa wanapita kati yetu na mabeseni. Nilimjibu kwa Kiswahili. "Nzuri. Nzuri. Wazima. Tunamshukuru Mungu."

Hata hivyo akaendelea kwa lugha yetu. Alisema yule mnunuzi ameweka uzio wa nyaya kuanzia barabarani hadi kilimani. Makaburi yamebaki ndani. Akitaka kwenda kumsomea baba yake dua sikukuu inapokaribia, anaomba kwa mlinzi, na mlinzi ni mtu wa mbali, hamjui, humwambia arudi kesho. "Ananiuliza mimi ni nani pale," akasema. "Mimi!" Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ananingoja nimwonee uchungu, na kwa kweli nilimwonea, kwa sababu yule mzee alikuwa baba yangu pia. Lakini uchungu wenyewe nilikuwa nimeuzoea, wake ulikuwa mpya.

"Pole, kaka," nikasema. Nilisema kaka, kwa Kiswahili, kama unavyomwambia muuza machungwa.

Alisubiri. Nilidhani ataomba radhi, na sijui ningefanya nini angeomba. Hakuomba. Aliuliza kama Bibi alizikwa vizuri huko.

"Vizuri sana," nikamwambia. "Walimcheka mpaka akafunikwa."

Hakuelewa, na sikumweleza. Basi la binti yangu lilikuwa limefika, kondakta anagonga ubavuni mwa gari akiita abiria. Nilimshikia mwanangu begi, tukasukumana na wenzetu mpaka mlangoni. Alipopata kiti cha dirishani alinitolea kichwa.

"Mama, yule ni nani? Alikuwa karibu kulia."

"Mtu wa Handeni," nikasema. "Funga dirisha, vumbi."